Shajara ya mradi: kabati la miongozo ya LibreOffice lisilohitaji intaneti

Chumba chetu cha kompyuta kiko Muheza, mkoani Tanga. Kina kompyuta tisa za mezani: sita zinatumia Windows 10 na tatu Ubuntu 24.04. Zote zina LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa kuwa hatuna fedha ya leseni na hatutaki kufundisha watu kwa programu ya wizi. Wanaokuja ni wahazini wa vikoba, makatibu wa vijiji, walimu wanaoandaa matokeo na vijana waliomaliza kidato cha nne. Intaneti ni ya simu yangu tu. Mtu akikwama huniita mimi, na siku za wiki mimi nipo kwenye kazi nyingine. Nimeamua kutafuta mwongozo halisi wa programu hii na kuuweka ndani ya kila kompyuta, upatikane hata bando likiisha. Nitaandika hapa kila hatua ikikamilika, pamoja na gharama, ili mwenye chumba kama hiki asipotee nilipopotea.

Jumamosi, 11 Januari 2025: kitabu cha ndugu mwingine

Niliandika jina la programu mtandaoni pamoja na neno ‘manual’, nikachukua PDF ya kwanza iliyoonekana nadhifu. Mwaka sikuutazama. Nikaipeleka steshenari, nikachapa sura za mwanzo: kurasa 86 kwa shilingi 100 kila moja, jumla 8,600.

Jioni nikakaa na katibu wa kijiji kimoja tukakifuata kitabu hatua kwa hatua. Kitabu kinasema nenda ‘Format’, kisha ‘Page’. Kwenye kioo hakuna ‘Page’, kuna ‘Page Style’. Kitabu kinasema orodha ya yaliyomo iko ‘Insert’, kisha ‘Indexes and Tables’. Haipo, siku hizi inaitwa ‘Table of Contents and Index’. Kitabu kinasema bonyeza F4 ufungue orodha ya majina ya kutumia kwenye barua. Tulibonyeza mpaka kidole kikauma. Siku hizi ni Ctrl+Shift+F4. Katibu wa watu akaanza kujilaumu, anasema labda yeye ndiye hajui kusoma. Hapo nikaona haya, maana kosa lilikuwa langu.

Nilipofungua ukurasa wa mbele kabisa nikaona jina: OpenOffice.org. Ikanibidi nijue kwanza ukoo wa programu hizi, na ninauandika hapa kwa sababu bila kuujua utaendelea kuokota vitabu visivyo vyako. Babu wao ni StarOffice, iliyotengenezwa Ujerumani. Kampuni ya Sun Microsystems iliinunua mwaka 1999, mwaka uliofuata ikauweka msimbo wake wazi kwa kila mtu, na mwaka 2002 likatoka toleo la 1.0 kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun. Septemba mwaka huohuo sehemu kubwa ya waliokuwa wakiijenga walijitenga, wakaanzisha The Document Foundation na kuuita mradi wao LibreOffice. Jina la zamani lilikabidhiwa taasisi ya Apache mwaka 2011, na programu yake ipo hadi leo, inaitwa Apache OpenOffice.

Kwa hiyo mtandaoni kuna vitabu vya ndugu hawa wote, sura zinafanana, menyu zinatofautiana. Kabla hujasoma chochote, fungua ‘Help’, kisha ‘About LibreOffice’, andika jina na namba ya toleo pembeni. Zetu za Windows zinasema 24.8.4. Za Ubuntu zinasema 24.2.

Zile kurasa 86 zimebaki. Upande wa nyuma ni mweupe, watoto wanachorea.

Jumapili, 19 Januari: kwenye chanzo

Vitabu rasmi viko documentation.libreoffice.org. Kuna cha kuanzia, Getting Started Guide, kisha kimoja kimoja kwa kila chombo: Writer wa maandishi, Calc wa majedwali ya hesabu, Impress wa slaidi, Draw wa michoro, Base wa hifadhidata na Math wa fomula. Vinatolewa kwa PDF na kwa ODT, yaani faili ya Writer yenyewe, bure. Asiyetaka kupakua anaweza kuvisoma moja kwa moja kwenye books.libreoffice.org, lakini sisi bando letu linajulikana.

Mambo mawili yangenikwamisha kama nisingesoma taratibu. La kwanza ni namba. Hadi mwaka 2023 matoleo yalihesabiwa 7.4, 7.5, 7.6. Kuanzia mwanzoni mwa 2024 namba inataja mwaka na mwezi: 24.2 ni Februari 2024, 24.8 ni Agosti 2024. Mtu akiona 7.6 na 24.2 anaweza kudhani kuna matoleo kumi na sita yamempita. Hayapo, moja limefuata jingine. La pili: vitabu havitoki siku moja na programu. Vinaandikwa na watu wanaojitolea, sura kwa sura, na majina yao yameandikwa mwanzoni mwa kila kitabu. Hivyo si vitabu vyote viko kwenye toleo moja. Hili lisikutishe. Kitabu kilichoachwa nyuma toleo moja au mawili bado kinafaa. Kile nilichochapa mimi kilikuwa kimeachwa nyuma miaka mingi.

Nimechukua cha kuanzia, Writer na Calc, vyote PDF. Vya Writer na Calc nimechukua na ODT, kwa sababu nataka watu waone kitabu chenyewe kimetengenezwaje: kimeandikwa kwa Writer hiyohiyo, vichwa vya habari vyake ni mitindo halisi (‘Styles’), na ukibonyeza F11 unaiona orodha yote pembeni. Mwalimu mmoja aliyekuwa anakuza vichwa vyake kwa mkono, kimoja kimoja, alikikodolea macho kitabu kile nusu saa nzima.

Kosa la leo limenigharimu bando. Nilinunua la 10,000, nikaunganisha kompyuta ya Windows kwenye simu, nikaanza kupakua. Nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi bando limekwisha na kitabu cha Calc hakijafika nusu: Windows ilikuwa inajisasisha yenyewe chinichini. Nimenunua lingine la 10,000. Kabla ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa Windows, bonyeza jina la Wi-Fi yako, washa ‘Metered connection’. Au pakua kwa simu kisha uhamishe kwa waya. Mimi sasa natumia simu.

Flashi ya kusambazia: 15,000.

Jumamosi, 8 Februari: F1 inayokimbilia intaneti

Vitabu viko tayari kwenye kila kompyuta, lakini kitabu cha kurasa mia kadhaa si kitu cha kufungua mtu akiwa amekwama katikati ya kazi. Msaada wa papo kwa papo uko kwenye F1. Kwetu ukibonyeza F1 linatokea dirisha linalosema msaada wa ndani haujasakinishwa, pamoja na kitufe cha kusoma mtandaoni. Wengi wetu tulidhani ndivyo programu ilivyo.

Sivyo. Msaada huo ni faili ya pili inayopakuliwa peke yake. Kwa Windows jina lake lina neno ‘helppack’, ni ndogo, megabaiti chache tu ukilinganisha na programu yenyewe. Ukiisakinisha, F1 inafungua kurasa zilezile za help.libreoffice.org, ila zinatoka ndani ya kompyuta yako.

Niliipakua jana, nikaisakinisha leo asubuhi kwenye kompyuta zote sita. Hakuna hata moja iliyokubali. F1 bado inaniuliza kama nataka kusoma mtandaoni. Nimeondoa, nimerudisha, nimewasha upya. Saa tatu zimeteketea. Mwishowe nikalisoma jina la faili herufi kwa herufi: 25.2.0. Toleo jipya, 25.2, lilitoka tarehe 6 Februari, yaani juzi, na ukurasa wa kupakulia ulinipa msaada wa toleo hilo wakati programu zetu ni 24.8.4. Programu na msaada wake vinatakiwa viwe vya toleo moja.

Njia zilikuwa mbili: kupandisha kompyuta zote sita kwenda 25.2, au kutafuta msaada wa 24.8.4. Toleo lililotoka wiki hii sitaliweka kwenye kompyuta ambazo watu wana mahesabu ya fedha za wenzao. Matoleo yote ya zamani yamehifadhiwa downloadarchive.documentfoundation.org. Nililikuta folda la 24.8.4, nikachukua faili yake ya ‘helppack’ ya Kiingereza, inayoishia en-US.msi, nikasakinisha. F1 ikafunguka papo hapo na simu yangu ikiwa mfukoni, imezimwa data.

Tangu leo kisakinishi na msaada wake vinakaa folda moja kwenye flashi, na folda limeitwa kwa namba ya toleo. Atakayepandisha toleo siku moja apandishe vyote viwili.

Jumatano, 12 Februari: Ubuntu

Huku nilitarajia mteremko. Ubuntu ina kifurushi chake, libreoffice-help-en-us, na kikija kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu yenyewe, kinalingana na programu chenyewe bila mtu kuhangaika na namba. Kiliingia vizuri. F1 ikafungua Firefox, na Firefox ikasema faili haipo.

Faili ipo, nimeiona kwa macho yangu. Shida ni kwamba Firefox ya Ubuntu inakuja kama snap, yaani imefungiwa kwenye eneo lake na haina ruhusa ya kusoma faili za mfumo zilizo nje ya hapo. LibreOffice inaikabidhi njia ya kufika kwenye ukurasa, nayo inagonga ukuta. Nilijaribu kubadilisha ruhusa za mafaili, haikusaidia kitu, na nisingeshauri mtu aguse huko.

Kilichosaidia ni kuweka kivinjari kingine kisicho snap. Nimesakinisha Falkon kwa apt, nikakifanya kivinjari cha kwanza kwenye mipangilio ya mfumo. Firefox imebaki kwa anayeihitaji. Msaada unafunguka kwenye zote tatu.

Jumamosi, 22 Februari: je, kwa Kiswahili?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina haki ya kujibiwa vizuri.

Menyu za Kiswahili zipo. Kwenye kisakinishi cha Windows usichague njia ya kawaida, chagua ‘Custom’, ufungue orodha ya lugha, utaikuta Swahili. Kwenye majina ya mafaili inaandikwa sw-TZ. Kazi hii ina historia ya kujivunia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, wakati watu wengi huku walikuwa bado hawajagusa kompyuta.

Niliziweka kwenye kompyuta moja nikaiacha wiki nzima niwaangalie watu. Zimetafsiriwa kwa sehemu tu. Menyu moja inaanza kwa Kiswahili, katikati inageuka Kiingereza. Hilo lingevumilika. Lililotushinda ni jingine: kitabu na msaada wa F1 vyote viko kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu anasoma jina la amri kwa Kiingereza kisha anatafuta tafsiri yake kwenye menyu bila kujua mtafsiri alichagua neno gani. Kijana mmoja alitafuta ‘Styles’ mpaka akakata tamaa, na ilikuwa mbele yake kwa jina lingine.

Kifurushi cha msaada cha sw-TZ hakimo kwenye orodha. Nilipitia majina yote. Cha Kiamhari kipo. Cha Kioromo kipo. Cha Kisidama, kinachozungumzwa kusini mwa Ethiopia, kipo. Cha Kiswahili, hakuna. Niliumia, sitaficha. Tafsiri hufanyiwa kwenye jukwaa la Weblate la mradi huo, translations.documentfoundation.org, na mtu yeyote anaweza kujiandikisha. Nimejiandikisha. Lakini kutafsiri msaada wote ni kazi ya miaka na ya watu wengi, na mhazini wa kikoba anataka kufunga hesabu Jumapili.

Nimerudisha menyu za Kiingereza kwenye ile kompyuta. Kimoja nimekibakiza kwa Kiswahili: kamusi ya tahajia, ambayo inakuja na programu. Ukichagua lugha ya maandishi kuwa Swahili (Tanzania), mistari myekundu inapungua sana chini ya maneno yetu.

Jumamosi, 15 Machi: mkato na nukta

Ramadhani, tunafunga saa tisa, kazi ni kidogo. Ila kuna kompyuta mbili zilizotusumbua tangu zilipoletwa, na leo nimepata jibu ndani ya msaada wenyewe.

Mwalimu aliingiza wastani wa 62.5. Ukakaa upande wa kushoto wa kisanduku kama neno, ukakataa kujumlishwa. Akaandika fomula ya IF kama ilivyo kwenye kitabu, ikaleta neno ‘Err’ na namba ya tarakimu tatu. Fomula ileile kwenye kompyuta ya pili yake ilikubali.

Kwanza nilijifunza kwamba zile namba zina maana. Fungua F1, tafuta ‘error codes’, unapata jedwali lake: 508 ni mabano yasiyotimia, 509 ni alama ya hesabu iliyokosekana, na nyingine nyingi. Nimelichapa jedwali hilo nikalibandika ukutani.

Jedwali likanipeleka kwenye vitenganishi, na hapo ndipo penye siri. Kompyuta hizi mbili zilitoka Ujerumani zikiwa msaada, na ingawa lugha yake ilibadilishwa kuwa Kiingereza, mpangilio wa nchi ulibaki wa kule. Wajerumani wanaandika 62,5 pale sisi tunapoandika 62.5, na kwa sababu mkato wameshautumia kwenye desimali, ndani ya fomula wanatenganisha kwa nukta mkato. Fungua ‘Tools’, ‘Options’, sehemu ya lugha, badilisha ‘Locale setting’ iwe Swahili (Tanzania). Kisha kwenye ‘LibreOffice Calc’, ‘Formula’, rudisha vitenganishi vya awali. Namba zilizokwisha kuingizwa kama maneno hazijirekebishi zenyewe, sisi tuliziandika upya. Mwalimu aliandika upya wanafunzi 48, nami nikamsomea majina.

Jumamosi, 12 Aprili: jina la kitu

Leo nimeelewa kwamba miezi mitatu nilikuwa natengeneza nusu ya kabati.

Baada ya sikukuu alikuja mzee mmoja, mhazini wa kikoba chenye wanachama 63. Nilimwamkia, akaketi, akafungua daftari lake la kaunta lenye pembe zilizokunjika. Akanieleza anachotaka: akiandika jina la mwanachama hapa, deni lake litokee pale. Nikamwambia, “Mzee, msaada upo humo ndani sasa. Bonyeza F1, andika unachotafuta.” Nilikuwa najivunia.

Akabonyeza. Akaandika ‘deni’. Hakuna kitu. Akaandika ‘loan’. Yakaja mambo ya riba za benki, kurasa za fomula ambazo hazimhusu. Akavua miwani, akanitazama.

“Mwanangu,” akasema, “mimi sijui kitu hicho kinaitwaje. Ningelijua jina lake nisingekuwa nakuuliza wewe.”

Kinaitwa VLOOKUP. Hakuna mtu duniani atakayelibahatisha neno hilo kwa kufikiri. Ukilijua, ukurasa wake uko pale, mzuri, una mifano. Usipolijua, hata uwe na vitabu vyote saba kwenye kompyuta, ni sawa na kusimama nje ya mlango uliofungwa.

Tuliifanya pamoja, na hata mimi nilikosea. Niliiandika fomula ikiwa na sehemu tatu: jina, jedwali, namba ya safu. Mzee akaandika jina la mama mmoja, likaja deni la 240,000. Akashtuka: “Huyu hadaiwi hata senti!” Alikuwa sahihi, lilikuwa deni la mtu mwingine. Ukurasa wa msaada unaeleza: usipoweka sehemu ya nne, Calc inachukulia kwamba majina yamepangwa kwa alfabeti na inaleta lililo karibu. Weka 0 mwishoni, itatafuta jina lenyewe tu, na lisipokuwepo itasema halipo. Mzee alilinganisha wanachama wote 63 na daftari kabla hajaondoka, na alifanya vizuri.

Usiku nilichukua daftari ambalo tangu Januari ninaandikia maswali ya watu. Yapo 41. Nimeanza kuyaandika kama walivyoyasema wao, na mbele ya kila swali neno la Kiingereza la kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia, menyu ilipo, na ukurasa wa kitabu. Mfano wa yaliyo mbele:

“Barua moja, majina mia.” Tafuta *mail merge*.

“Namba ya ukurasa isianzie kwenye jalada.” Tafuta *page style*, amri iko ‘Insert’, ‘More Breaks’, ‘Manual Break’, na hapohapo unachagua mtindo wa ukurasa unaofuata na namba ya kuanzia.

“Mstari wa juu usiondoke nikishuka chini.” *Freeze*, iko ‘View’. Hili watu wanalichanganya na lile la “kichwa cha jedwali kijirudie kila karatasi nikichapa”, ambalo ni jambo tofauti kabisa: ‘Format’, ‘Print Ranges’, ‘Edit’, na mahali panapoitwa ‘Rows to repeat’. Nimeyaweka jirani na kuandika tofauti yake kwa wino mwekundu.

“Mtoto asiniharibie hesabu.” *Protect sheet*.

“Aliyechelewa marejesho awe mwekundu.” *Conditional formatting*.

Kuyaandika kwa Kiswahili safi kungekuwa rahisi. Nimeyaacha kwa maneno ya walioyasema, kwa sababu mtu mwingine akikwama atakwama kwa maneno hayohayo.

Jumamosi, 3 Mei: steshenari tena

Faharasa ya maswali yale imekamilika, kurasa 12. Nimechapa nakala tano kwa shilingi 100 kila ukurasa: 6,000. Mbili nimezibana kwa spairo, 4,000. Nimezijaribu kwanza kwenye kompyuta, kila amri, kwa matoleo yote mawili tuliyonayo, 24.8 na 24.2. Namba nne za kurasa zilikuwa zimekosewa kwa sababu nilichanganya namba ya PDF na namba iliyochapwa chini ya ukurasa. Sasa zote ni ile ya chini ya ukurasa.

Niliomba pia sura tatu za kitabu cha Calc zichapwe, dada wa steshenari akasita. “Kaka, kitabu cha mtu hiki, tusije tukapata kesi.” Ni swali la haki na sikulipuuza. Nikamfungulia ukurasa wa pili wa kitabu, tukausoma pamoja: kinaruhusiwa kunakiliwa, kusambazwa na kubadilishwa chini ya leseni ya GPL toleo la 3 au Creative Commons Attribution 4.0, au matoleo ya baadaye ya leseni hizo, mradi waandishi watajwe. Akauliza, “Hata nikiuza?” Hata akiuza. Alisoma mara mbili, kisha akaniomba PDF zote. Sura tatu sikuzichapa tena, faharasa ilitosha, na yeye sasa ana vitabu hivyo dukani kwa anayetaka kuchapa.

Hesabu mpaka leo: bando 20,000, flashi 15,000, kurasa zilizoharibika 8,600, faharasa 6,000, spairo 4,000, bodaboda za kwenda na kurudi 4,000. Jumla 57,600. Mtu akianza na yaliyoandikwa humu anaokoa bando moja na zile kurasa 86, anabaki na 39,000.

Jumamosi, 24 Mei: ilipofikia

Kompyuta tisa, zote zina vitabu vitatu, F1 inafanya kazi bila mtandao, na nakala ya faharasa iko kwenye kila meza ya pili. Bado: Base sijaigusa kabisa, na watu wawili wameshauliza. Tafsiri kwenye Weblate nafanya sentensi chache kila Jumapili usiku. Nitabaki 24.8 mpaka kitabu cha Calc cha toleo tutakalohamia kiwe kimetoka, na siku hiyo faharasa nzima itapitiwa upya.

Nilipokuwa nazikusanya nakala jioni, moja ya zile za spairo ilikuwa imeongezwa mstari chini ya ukurasa wa mwisho, kwa kalamu ya bluu, mwandiko si wangu: “Ukurasa mmoja ulale, mwingine usimame. Tafuta *landscape*, soma pa *page style*.” Nimeijaribu kwenye kompyuta ya mlangoni, ni kweli. Nimeipa namba 42.